Kesi ya Kipimo cha Homa

Jumatatu, 12 mwezi wa nane 1957

Apeli, kuitwa majina, saa kumi na mbili, kama kila siku. Zamani tulijaza mistari mitatu. Leo mmoja, na huo wenyewe una mapengo. Komisari anaita jina, anajibiwa na kikohozi, anaweka alama. Nusu ya polisi wa mtaa wa Kabondo wamelala na gripi, mafua haya makali. Mimi bado. Kaporali Ramazani, niko, mzima.

Nimekamata mwizi bila kukimbia hata hatua moja. Aliingia banda la kuku la mjane mmoja, homa ikamkuta humo humo, akalala. Mjane akaja kuniita, anasema kuku wake wanakohoa. Nilimkuta bwana amekumbatia jogoo, anatetemeka, macho mekundu. Sikumfunga kamba. Nilimpandisha kwenye velo yangu, baiskeli ya kazi, nikaisukuma hadi kituoni, yeye ananiomba msamaha njia nzima. Jogoo amerudi kwa mwenyewe.

Watu wa hapa ugonjwa wameupa jina: Lala-hapo. Unakushika njiani, unakuambia lala hapo. Unakushika juu ya mchikichi, lala hapo. Redio inasema umetoka Asia, unazunguka dunia nzima. Hata wezi umewapata. Daftari letu la kesi liko jeupe. Sijapata kuona Kisangani imetulia hivi. Inanishangaza, na kusema kweli inanichosha.

Amri mpya zimebandikwa ukutani. Soko limefungwa. Mpira hakuna, baa hakuna. Kilio ni kwa watu wa nyumba peke yao. Na hii: mfanyakazi akikosa kazini bila tikiti ya dispanseri, huyo ni mtoro. Watoro ni kazi yetu.

Jumanne, 13

Leo nimepata kesi!

Dispanseri ya mtaa wetu imeibiwa. Kitu gani? Kipimo cha homa, kile cha kioo wanachoweka kwapani. Walikuwa nacho kimoja tu. Pamoja nacho kijitabu cha tikiti za ugonjwa, zimeshapigwa muhuri tayari. Basi, hakuna kingine.

Wenzangu wamecheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda kuangalia. Kabati la dawa lilikuwa wazi. Kwinini ipo. Sabuni ipo. Hata shuka mpya zipo. Mwizi aliyaona yote hayo akayaacha. Mwizi gani huyu? Kipimo hakiliwi. Hakivaliwi. Ukitaka kukiuza, nani atanunua? Nimezunguka na swali hilo siku nzima, naona raha kabisa.

Infirmie, muuguzi wetu, ni mmoja kwa mtaa mzima, naye anakohoa. Foleni inazunguka nyumba mara mbili. Anamwangalia mtu usoni, anaandika homa 39, anatia sahihi, mwingine aje. Nikamuuliza tangu lini anaandika bila kupima. Akasema tangu alipoibiwa. Akafikiri kidogo, akasema na kabla ya hapo pia. Nilimhurumia. Lakini nimeandika.

Jumatano, 14

Asubuhi yote nimesimama mlangoni mwa maghala ya bandari, nakagua tikiti za waliorudi kazini. Nimezichukua zote, nikazitandaza juu ya meza kituoni kama karata.

Angalia sasa. Tikiti hizi: 39. 39. 39. 39. Mwandiko wa haraka, kama kuku amekanyaga wino. Tikiti zile: 38,4. 39,7. 40,1. Mwandiko mzuri, umenyooka, kila saba ina kamstari katikati. Sahihi ya infirmie imeigwa vizuri kuliko anavyoitia mwenyewe.

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Mwizi wangu anapima! Anakwenda kwa mgonjwa na kipimo, anakiweka, anangoja, anasoma, halafu anaandika uongo wake. Tikiti za halali ziko na homa ya kubuni, na tikiti za wizi ziko na homa ya kweli. Haki ya Mungu sijapata kuona kitu kama hiki miaka tisa ya kazi.

Nikawauliza wenye tikiti nani aliwapa. Kila mmoja anasema infirmie. Wanasema wakiangalia chini. Bon. Nitatafuta mkono. Katika Kabondo nani anaandika hivi? Makarani. Hakuna mwingine.

Ijumaa, 16

Msikiti umefungwa. Nimesali nyumbani, peke yangu uani.

Nyumbani nako kuna vituko. Mama wa mke wangu alikuja toka Yanonge mwezi wa sita, Antoinette alipojifungua. Analala katika nyumba ndogo ya jikoni, nyuma. Watu wa mto wanamwita mtu huyo bokilo, na desturi yao ni kali: mwanaume na bokilo wake hawaangaliani, hawagusani, hawali pamoja, hawasemeshani. Nikiwa na neno namwambia Antoinette kwa sauti kubwa, bokilo anasikia nyuma ya ukuta. Naye anamjibu Antoinette kwa sauti kubwa, nasikia. Mimi ni Mwislamu wa Kasongo, lakini nilioa kwa desturi yao na niliikubali yote. Sasa miaka sita. Namjua kwa kitenge chake na kwa visigino vyake vikiondoka. Jina lake siandiki, hata hapa.

Desturi nyingine: nikifika nyumbani nakohoa penye ua, ili apate kujiondoa. Mbaya sasa, Kabondo nzima inakohoa. Antoinette anasema jana mama yake amekimbilia jikoni mara saba kwa ajili ya majirani. Amenipa amri nipige kengele ya velo. Nimecheka sana. Nyuma ya ukuta nikasikia na yeye anacheka.

Kila asubuhi bokilo anatoka kusalimia wagonjwa wa kwao, watu wa Yanonge. Vizuri. Karatasi yake ya kukaa mjini ilikwisha mwezi uliopita. Mimi nakagua karatasi za mji mzima, ya nyumbani kwangu nasema kesho. Aibu.

Jumamosi, 17

Nimempata.

Nilikwenda kwa makarani wanne. Kwa kila mmoja nilisema: naomba uniandikie barua kwa ndugu yangu Kasongo, mwandiko wangu ni mbaya. Wote wakaandika. Watatu hapana. Wa nne ni Albert, karani wa duka moja la mjini, mtu wa Isangi, kijana mpole mwenye miwani, jioni anawaandikia watu barua zao. Herufi zimenyooka. Saba ina kamstari. Niliweka barua kando ya tikiti. Mkono ni uleule.

Nilimkamata palepale, wino wa barua yangu haujakauka. Hakugombana. Akaniuliza: "Kaporali, barua utaituma ao hapana?"

Komisari amefurahi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kizungu: "Wewe iko na akili mingi." Akasema kesi ikifika mbele ya jaji, atasema neno juu ya galoni yangu, ule utepe wa cheo begani. Brigadie Ramazani! Nimerudi nyumbani napiga kengele toka mbali, hata kabla ya kona.

Jumatatu, 19

Albert anakataa. Tumepekua chumba chake, godoro, kofia, sufuria. Kipimo hakuna. Kijitabu hakuna. Komisari anasema amekificha, akikaa kidogo katika kasho, mahabusu, atakumbuka. Kasho yetu ina watu sita, chumba cha watu wawili, sakafu ya simenti. Wote wanakohoa.

Mchana nilikuwa tena mlangoni mwa maghala. Mpakuzi mmoja akanipa tikiti. Imeandikwa jana, Jumapili. Homa 38,7. Saba ina kamstari.

Jana Albert alikuwa kasho kwangu, ndani ya kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilisimama na karatasi hiyo muda mrefu. Mpakuzi akafikiri nimeona kosa, akaanza kuniapia kwamba aliumwa kweli. Nikamwambia pita. Tikiti nimeitia mfukoni. Sikumwonyesha Komisari. Nilikuwa nimeshaiona galoni begani, ndiyo sababu. Hakuna sababu nyingine, nisijidanganye.

Na bado nataka kujua. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Kama si Albert, ni nani?

Jumanne, 20

Kichwa. Mgongo. Lala-hapo amenipata. Siandiki.

Alhamisi, 22

Naandika nimeegemea ukuta. Hili lazima niliandike leo, nisije nikasema kesho ilikuwa ndoto ya homa.

Jumanne mchana nilianguka. Jumatano Antoinette naye akaanguka, mtoto kifuani. Tukalala chumba kimoja, hakuna wa kumpa mwenzake maji. Bokilo alikuwa nje. Nilimsikia anaita mara mbili. Antoinette hakuweza kujibu.

Halafu mlango ukafunguliwa akaingia.

Nilitaka kugeuka. Mwili ulikataa. Alimchukua mtoto kwanza, akamfunga mgongoni. Akamwangalia Antoinette. Akaja kwangu. Nimeona uso wake kwa mara ya kwanza. Una chale ndogo kwenye paji, na ni uso wa mke wangu, umezeeka tu. Akainua mkono wangu kama mtu anavyoinua mfuniko, akaweka kitu kwapani. Kitu cha baridi, chembamba, kigumu.

Nilijua kabla sijakiona.

Tulingoja. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauambia ukuta, maana mimi hawezi kunisemesha: "Trente-neuf na tatu." Akakaa juu ya kigoda. Katika mkunjo wa kitenge akatoa kijitabu na kalamu. Akaandika juu ya goti lake, bila haraka, herufi zimenyooka. Akachana karatasi, akaiweka chini ya kikombe changu cha maji.

Ni tikiti yangu. Kaporali Ramazani, polisi, mgonjwa, homa 39,3. Bokilo hakutaka niitwe mtoro.

Nimetafuta kipimo hiki Kabondo nzima, na kimeonekana kwapani mwangu. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Ijumaa, 23

Homa imeshuka. Antoinette anakaa, anakunywa uji. Nikamuuliza polepole: mama yako alijifunza wapi kuandika?

Akanishangaa. Akasema mama yake amesoma kwa masista, kule misioni mtoni, akiwa msichana. Miaka kumi na tano alizalisha wanawake katika nyumba yao ya uzazi. Anapima homa, anaandika daftari la watoto waliozaliwa. Mimi nilijua "alifanya kazi kwa masista". Nilifikiri anachota maji na kufua nguo za wanawake waliozaa. "Haukuuliza hata siku moja," Antoinette akasema. Ningemwuliza vipi? Mtu hasemeshwi!

Na Albert alisoma misioni ileile. Wote waliopita kule wanaandika vile, masista waliwapiga vidole mpaka herufi zikanyooka. Niliona mkono wa shule nikasema ni mkono wa mtu. Na mwanamke sikumfikiria hata dakika moja. Nilikwenda kwa makarani wanne, na mwandishi alikuwa ananipikia fumbwa.

Antoinette alikuwa anajua habari ya kipimo. Hakujua kwamba ni kesi yangu, mimi nyumbani sisemi mambo ya kazi. Alipojua akasema, wala hakupandisha sauti: ukimpeleka mama kituoni, siku watakayomfukuza mjini nitapanda chombo kimoja na yeye kwenda Yanonge. Mimi na mtoto.

Naogopa. Naandika neno hili lilivyo. Nikisema, nyumba yangu inavunjika. Nikinyamaza, Albert anakwenda mbele ya jaji kwa ajili ya barua ambayo nilimwomba mimi mwenyewe. Albert hana mtu hapa, wazazi wake wako Isangi. Hakuna wa kunigundua. Ningeweza kunyamaza.

Jumamosi, 24

Nimerudi kazini. Kwanza nilipita dispanseri, maana tikiti ya bokilo sikuweza kuionyesha. Infirmie aliniangalia usoni. Nimepona, ngozi ya baridi, njaa inaniuma. Akaandika 39. Nikasema merci. Komisari akaipokea bila kuisoma.

Albert yuko chini kwenye simenti. Lala-hapo amemkuta kasho. Miwani imevunjika kioo kimoja. Midomo imepasuka. Wenzake wamempa kona ya ukuta, ndiyo heshima waliyoweza kumpa. Nilimpelekea maji. Alikunywa, akanitambua, akasema: "Kaporali. Ile barua ya ndugu yako. Uliituma?"

Sikuituma. Iko katika faili ya kesi yake.

Nilitoka nje nikapanda velo nikaenda nyumbani, na kengele sikupiga.

Bokilo alikuwa uani anaanika nepi za mtoto. Aliponiona akageuka kukimbia. Nikasema: "Mama, ngoja." Nilimwambia yeye mwenyewe, mbele yake, kwa kinywa changu. Antoinette akatoka mlangoni akafunga mdomo kwa mkono. Jirani akaacha kutwanga.

Bokilo alisimama, mgongo kwangu. Nikamweleza mgongo wake yote. Tikiti, makarani, Albert, kasho, simenti, miwani. Na ile tikiti ya Jumapili niliyoificha, na galoni. Sikuacha kitu. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Naye akageuka. Tukaangaliana, watu wawili wazima, katikati ya ua, mchana.

"Mutoto wa nani huyo?" akauliza. Nikasema wa Isangi. Akatikisa kichwa. Akaanza kueleza, haraka, kama mtu ambaye maneno yamemjaa toka zamani. Siku ile alikwenda dispanseri kumwombea tikiti jirani asiyeweza kusimama. Alipanga foleni toka alfajiri. Infirmie akamwambia mgonjwa aje mwenyewe. "Mutu mwenye homa ya kweli, atatembea namna gani mpaka kule? Wenye kufika, ni wale wenye kupona!" Infirmie alipoinama kukohoa, yeye akachukua. Alitaka kurudisha ugonjwa ukiisha. Hakuandika tikiti ya mtu asiyeumwa hata moja. Wawili walikuja kumdanganya, kipimo kikawakataa, akawafukuza.

Nilimwamini. Bado namwamini.

Nikamwambia lazima twende. Antoinette akapiga kelele, Yo, mama! Bokilo akamwambia anyamaze, mtoto atashtuka. Halafu akanigeukia mimi. Akasema: "Wewe iko polisi, fanya kazi yako. Lakini alors, kuna nyumba mbili sijafika leo. Tupite kule kwanza."

Tukapita. Mimi katika uniforme, natangulia nikisukuma velo. Yeye nyuma yangu hatua kumi. Kabondo yote ilitoka kuangalia. Mkwe na bokilo, njia moja! Mwanamke mmoja akafunika macho ya binti yake. Masikio yalinichoma. Katika nyumba ya kwanza nilingoja nje nimeshika kapu lake. Katika ya pili akaniita ndani, nimsaidie kumwinua mzee mmoja ili anywe. Nikamwinua. 39,8. Aliandika tikiti, akaniangalia kama nitakataza. Nikaangalia dari.

Halafu tukaenda kituoni.

Jumatatu, 26

Komisari hakuamini. Alisema nimemleta mama mzee ili kumwokoa rafiki yangu karani. Bokilo alifungua kitenge, akaweka mezani kipimo, kimefungwa katika pamba safi, na kijitabu. Akaomba kalamu. Akaandika mstari mzima wa namba, moja mpaka kumi, akamsogezea karatasi. Komisari akaangalia saba. Akaniangalia mimi. Akauliza mwanamke huyu anakaa wapi.

Nikasema: kwangu.

Nzi akatembea juu ya daftari. Sijapata kuona uso wa mtu mweupe ukibadilika rangi mara nyingi hivyo. Akauliza yeye ni nani kwangu. Nikasema mama wa mke wangu. Hapo akacheka, kicheko kibaya, halafu akaacha.

Hakutaka kesi. Jaji mwenyewe amelala na gripi, na nani atasimama mbele yake kueleza kwamba tikiti za uongo ndizo zilizokuwa na ukweli? Akaomba karatasi yake ya kukaa mjini. Imekwisha. Basi, hilo limemtosha. Bokilo anarudishwa kwao kwa chombo cha Jumatano. Infirmie alipopata kipimo chake alituma neno, anaomba mama huyo aachwe wiki mbili amsaidie, yeye amechoka kufa. Komisari akasema sheria ni sheria.

Galoni hakuna. Sasa nalinda mlango wa soko lililofungwa. Namzuia nani asiingie, sijui.

Albert ametoka. Tulimbeba juu ya machela mpaka chumbani kwake, mimi nyuma, mpakuzi mmoja mbele. Bokilo alikuwa ameomba apite kumpima kabla ya kuondoka, nami nilimpitisha. Anasema kifua ni safi, atapona. Nilimwambia Albert, nimekosa. Akasikia. Akageuza uso ukutani, na ana haki.

Jumatano, 28

Antoinette amebaki. Toka jana nilikuwa nasubiri afunge mzigo, siulizi, naogopa kuuliza. Leo alfajiri alifunga mmoja tu, wa mama yake. Nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya banda. Halafu nikanawa uso.

Kumsindikiza aliyerudishwa kwao ni kazi ya polisi. Komisari angeweza kumtuma mwingine. Alinituma mimi. Sijui kama ilikuwa adhabu ao huruma, kwa mtu yule huwezi kujua.

Bandarini palikuwa na watu wachache, pua na midomo wamefunga vitambaa. Nilibeba mzigo wake mpaka kwenye ubao wa kupandia. Nikatoa karatasi ya safari, karani wa chombo akaandika. Nikarudi nyuma, nikasimama kama inavyotakiwa, mikono ubavuni, macho mbele. Ameingia. Amekaa kati ya wanawake wa Yanonge na vikapu vyao vitupu. Wakamsogelea wakaanza kumuuliza habari, naye akaanza kueleza.

Chombo kikaachia. Maji yakawa mapana kati yetu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka.

"Ramazani!"

Kwa sauti kubwa, mbele ya bandari nzima. Miaka sita sijasikia jina langu kinywani mwake. Wanawake wa Yanonge wakapiga yowe la aibu. Yeye amesimama, ameshika chuma cha ukingo.

"Ramazani! Usinywe maji ya baridi bado! Kifua chako hakijakauka!"

Nikasema: ndiyo, mama.

Nadhani hakusikia, injini ilikuwa inapiga kelele. Nikasema tena. Halafu nikachukua velo nikaenda kulinda soko.